Faili la Shika Adabu

Asubuhi ya Jumatatu, jua halijavuka vilele vya minazi, Bi Dhahabu wa Shika Adabu alitoka na jembe lake akakuta nguzo nne za saruji zimesimikwa shambani mwake. Moja ilikuwa karibu kabisa na kaburi la bintiye. Vijana waliokuwa wakikoroga saruji walimwamkia kwa heshima, kisha wakamwonyesha simu. Ndani ya simu mlikuwa na mkataba: shamba limeuzwa. Chini yake, alama ya dole gumba.

"Gumba ni langu," alimwambia Sajini Kiponda kituoni, akiligeuzageuza kama mtoto aliyetoroka nyumbani na kurudi. "Lakini wallahi, mimi sikulipeleka huko."

Ilikuwa Ramadhani, na joto la Likoni halina huruma kwa mfungaji. Saa nane mchana Kiponda alikuwa ameshaufuata mkataba ule hadi ulikotoka: ofisi ya Wakili Lynnette, chumba kirefu cha chini chenye baraza mbele na printa kubwa pembeni. Bi Dhahabu alikwenda naye, lakini aliketi kwenye benchi la barazani, uso kwa barabara. Ndivyo alivyofanya siku zote, walisema wafanyakazi. Bibi anapenda upepo.

Kazi ya kwanza ilikuwa rahisi. Mwezi uliopita Bi Dhahabu alitia dole kwenye fomu ya pesa za wazee, na fomu ile ilikuwa imeskaniwa ikawekwa kwenye kompyuta. Kiponda aliichapa, akaiweka juu ya mkataba, akaziinua karatasi mbili dirishani. Michirizi ya gumba ililingana unywele kwa unywele, hata pale wino ulipokatika. Hakuna binadamu atiaye dole mara mbili likawa lile lile.

"Limekatwa huku likabandikwa huku," alisema. "Shamba la bibi haliendi popote. Nguzo zitang'olewa. Sasa namtaka aliyebandika."

Wakili Lynnette alivuta pumzi. "Printa imeshakwambia, Sajini. Mtumaji ni Asmaa."

Asmaa alikuwa karani wa miaka ishirini na miwili. Alisimama kando ya kabati, mkoba umemshikilia yeye zaidi ya yeye alivyoushikilia.

"Nikipata maelezo yake, kesho asubuhi yuko kortini," Kiponda alisema. Alikuwa mtu wa kusema wazi. "Asmaa, njoo unionyeshe mashine hii inavyofanya kazi."

"Abee, Sajini." Alibonyeza kioo cha printa. Vikatokea vitufe vitatu: Asmaa, Boga, Griffin. "Unabonyeza jina lako. Kisha inakuuliza, andika jina la faili. Sharti la ofisi ni jina la mteja, halafu aina ya karatasi. Usipoandika kitu, inaweka namba yake yenyewe."

"Na mimi nikibonyeza jina lako?"

"Itakukubali. Haimjui mtu."

Kiponda alibonyeza, ikamkubali. Mwangaza wa kijani ukapita chini ya kioo polepole, kama mwezi unaopita chini ya maji, na kwa kitambo sajini akasahau alichokuwa akiuliza.

Akafungua orodha ya mafaili yaliyo chini ya jina la Asmaa. *Bi Dhahabu, fomu ya wazee. Hassan wa Mtongwe, wosia.* Mamia yao, kila moja na mwenyewe. Moja tu lilikuwa tofauti, lile la mkataba: *Shamba la Shika Adabu.*

"Hili umelipa jina wewe?"

"La! Mimi kumwandika mteja bila jina? Bi Dhahabu mwenyewe ananijua, muulize."

Akamwita Griffin, kijana wa Magongo, mwenye biskuti shavuni aliyoimeza kwa haya alipomwona sajini midomo imemkauka kwa saumu.

"Ulikuwa na shida na Bi Dhahabu?"

"Na Shosho Dhahabu? Ai, afande! Yule hata huniletea muhogo. Na mimi sinanga wakati wa kupatia faili majina. Cheki hapo, zangu zote ni namba. Wakili amenigombeza mpaka akachoka."

Ilikuwa kweli. Mafaili ya Griffin yalikuwa namba tupu.

"Isitoshe," Griffin aliongeza, akiuinamia mkataba, "huyu mtu ni mjinga. Kila kitu amekichapa, isipokuwa jina la shosho. Jina amelikata kwa fomu, akabandika. Ona vile limeenda upande."

Kiponda akatazama. Jina la Dhahabu lilikuwa limelala mshazari kidogo, kama mtu aliyesinzia katikati ya wenzake waliosimama.

Wa mwisho alikuwa Boga, karani mkuu, mtu mpole wa miaka arubaini, kanzu yake imepigwa pasi.

"Unamjua Bi Dhahabu?"

"Mwenye shamba? Ni mteja wetu. Huja, hukaa nje."

"Fomu yake ya wazee aliishughulikia nani?"

"Msichana alimpelekea barazani. Yule mama alitia dole pale pale."

"Nani angetaka kumdhulumu?"

"Sajini, mwenye shamba hana ubaya na mtu." Boga aliinamisha macho. "Ila printa haisemi uongo."

Wakili alitoka kupiga simu. Kiponda aliketi kando ya printa kumngoja. Mashine ilikuwa na joto la mnyama aliyelala, na mvumo wake ulimpanda mgongoni mpaka kope zikawa nzito. Honi ya feri ililia mbali. Hakulala, wala hakuwa macho. Sauti za mchana zikampitia moja moja, kila moja imebeba jina kama kikombe cha maji asichoruhusiwa kunywa. Bi Dhahabu, ilisema ya kwanza. Shosho Dhahabu, ikasema ya pili. Ya tatu ilikuja na kikombe kitupu. Yule mama. Mwenye shamba. Akangoja kijae. Hakikujaa.

Alifumbua macho. Mwizi mwenye kibodi mezani, anachapa mkataba mzima, halafu anakata herufi saba kwa mkasi. Printa inamwuliza jina la mteja, anaandika jina la shamba. Huo si ujinga. Ni mkono unaokataa.

Akatoka barazani.

"Mama, kwa nini huingii ndani?"

Bi Dhahabu alivuta leso mdomoni. "Nitaingiaje, mwanangu? Mume wa marehemu binti yangu Mwanatabu yumo. Mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja. Kwetu hata majina hatutajani."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Kiponda alirudi ndani akaweka karatasi na kalamu mbele ya Boga. Wengine walikuwa wanatazama.

"Andika maelezo yako. Anza na jina la mlalamikaji."

Boga alishika kalamu. Aliandika tarehe. Aliandika Likoni. Kalamu ikafika penye mstari ikasimama, na tone la jasho likaanguka mahali pa jina.

"Andika, Bwana Boga. Ni herufi saba tu."

"Siwezi."

"Ulimkata dole."

"Siwezi kulitaja," Boga alisema, na sauti yake ikapasuka. "Mikorosho ya shamba lile nimepanda mimi! Mwanatabu akinimiminia maji ya kunawa nikichimba mashimo. Alipokufa, arubaini haijafika, nikaja kuchukuliwa kama gunia. Nikasema, nisipokula mimi, asile mtu."

"Na Asmaa?"

"Kitufe chake kilikuwa juu. Nilibonyeza cha juu."

Asmaa alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga msumari.

Kutoka mlangoni ikaja sauti nyingine. Bi Dhahabu alikuwa amesimama kwenye kizingiti, amewapa mgongo, leso usoni.

"Sajini, mwambie mume wa mwanangu, sikumfukuza. Walikuja ndugu zake wakamchukua, nikadhani ametaka mwenyewe. Mwambie kila msimu namwekea fungu lake la korosho. Hatumi mtu kulichukua."

Kati yao palikuwa na hatua tano. Kiponda aliyarudia maneno yote, moja moja, mpaka mwisho. Boga alikuwa analia.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia, mama."

"Alhamdulillahi. Mimi na yeye mambo yetu hupita kwa mtu wa kati. Lakini huyu binti si mkwe wake. Kwake hana pa kujificha. Amtazame, aseme kwa kinywa chake."

Boga aliinua uso. Alimtazama Asmaa muda mrefu, huku printa ikijizima yenyewe na kioo chake kuwa cheusi.

"Asmaa," alisema. "Nisamehe."

Asmaa aliweka mkoba begani, akapita kando yake, akamshika Bi Dhahabu mkono, wakaenda kutafuta tende kabla ya adhana.