Ncha ya Kamba

Kengele ya mapumziko ilipolia, wasichana wa darasa la sita walitoka mbio, na kufumba na kufumbua kamba ikawa inazunguka karibu na bomba la maji. Mmoja tu alitoka taratibu. Alikwenda kuegemea ukuta wa stoo, mahali pake pa kila siku, akawa anatazama.

Alikuwa amehamia shule hii mwanzo wa muhula, alipoletwa kuishi na shangazi yake, msusi. Kule alikotoka hakuna aliyemfikia kwa kuruka kamba. Hapa hajaruka hata mara moja. Alingoja aitwe, maana alijua mgeni huitwa. Na jamani, alivyotamani! Kila kamba ilipogonga chini, miguu ilimcheza ndani ya viatu.

Siku hiyo aliyekuwa anaruka ni msichana mrefu waliyemwita Twiga. Aliruka weee, mpaka kisigino chake kikagusa kamba kidogo tu. Waliokuwa wanazungusha hawakuona. Lakini msichana wa ukutani aliona. Ah, hapa ndipo pa kuingilia! Wakijua ana jicho kali, tena ni mkweli, lazima watamtaka.

"Umegusa!" alipaza sauti kutoka ukutani.

Kamba ikasimama. Wote wakageuka.

"Nani kakuuliza?" Twiga alisema, mkono kiunoni.

"Lakini umegusa kweli. Nimeona kwa macho yangu."

"Haya, Refa!" mmoja akadakia, wenzake wakaangua kicheko. "Hata hachezi, kazi yake kuturingia pale ukutani, halafu anatupigia filimbi!"

Kuringa? Yeye? Alitaka kuwaambia kwamba hajawahi kuringa maishani mwake, lakini walikuwa wameshaanza tena kuzungusha kamba. Alirudi darasani peke yake, akainamisha kichwa juu ya dawati mpaka kengele ikalia tena.

Jioni alikwenda saluni kwa shangazi yake kufagia, kama kawaida.

"Mbona umenuna hivyo?" shangazi alimuuliza, vidole vikiendelea kusuka. "Nani kakuchokoza?"

Akamwaga yote. "Shangazi, mimi nimesema kweli tu. Kosa langu nini?"

"Weka ufagio, kaa hapo. Tazama tu."

Mteja mmoja mgeni aliingia, akasalimia, akakaa karibu na mlango akiwa ameukumbatia mkoba wake. Wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu waliendelea na soga zao, wakicheka mpaka wanapigana mabega. Hakuna aliyemkaribisha kwenye mazungumzo. Yule mgeni akaangaza macho, akaona fungu la rasta za kusukia mezani, akalivuta na kuanza kuchambua. Kila alipomaliza fungu, alilisogeza karibu na mkono wa shangazi. Haukupita muda mmoja wa wale wawili akamgeukia: "Hebu dada, wewe unaonaje? Huyu si ananionea?" Punde naye akawa anacheka hadi machozi.

"Nani kamwita yule?" shangazi alimnong'oneza.

"Hakuna."

"Kashika kazi, wakamwona mwenzao. Haya niambie, kwenye kamba kuna kazi gani isiyopendwa na mtu?"

Msichana alifikiri. "Kuzungusha. Inachosha mikono."

"Ehee! Na aliyeshika kamba akisema umegusa, nani atamwambia, 'Nani kakuuliza?'"

Msichana akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kesho yake hakwenda ukutani. Njiani mara mbili alitaka kugeuka. Lakini alimwona msichana mdogo waliyemwita Sisimizi akibadilisha mkono wa kuzungushia, uso umemkunjamana. Akamsogelea.

"Nikupokee?"

"Kweli? Chukua! Bega linaniuma, acha tu."

Twiga alimtupia jicho, akainua mabega, akaingia. Msichana akazungusha kwa mkono mtulivu, kama alivyozoea kule alikotoka, na Twiga akaruka vizuri mno. Kisha kisigino kikagusa tena, kidogo tu. Akinyamaza, labda watampenda. Akisema, labda atarudi ukutani mpaka mwisho wa mwaka.

"Umegusa," alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Twiga aliangalia kiatu chake.

"Nimegusa," akakubali, akacheka. Akaja, akamnyooshea mkono aipokee ncha ya kamba. "Lete hapa, Refa. Zamu yako."

Msichana akaingia. Alikuwa ameitamani zamu hiyo kiasi kwamba mruko wa kwanza tu alijikwaa, kamba ikamnasa miguuni.

"Umegusaaa!" wote wakapiga kelele. Halafu Sisimizi akasema, "Rudia, rudia! Mruko wa kwanza wa mgeni hauhesabiwi!"

Jioni aliingia saluni amejaa vumbi mpaka magotini. Shangazi hakuwa na haja ya kuuliza.

"Shangazi, walidhani naringa. Mimi nilikuwa nangoja waniite!"

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Wewe uliwangoja wao, na wao walikungoja wewe. Mambo haya hakuna mwalimu anayeyaandika ubaoni. Kusema kweli ni vizuri, usiache. Ila watu huipokea upesi kutoka kwa anayefanya kazi pamoja nao. Sasa wewe umeshajua. Ukimwona mwingine kaegemea ukuta, usiseme anaringa. Mpelekee ncha ya kamba."

Msichana alisimama na ufagio wake, akafikiri.

"Yupo mmoja," alisema. "Kila siku anakaa kwenye ngazi za darasa la tano, anajifanya anafunga viatu."

"Basi kesho," shangazi alisema, "unajua pa kwenda."