Ufa Kando ya Mlango

Chokaa hakuna.

Nilitoka nyumbani saa kumi na moja jioni nikaanza na duka la kwanza pale sokoni Ujiji. Hakuna. La pili, hakuna. La tatu, mwenye duka hakuniangalia hata usoni. "Mama, chokaa yote imekwenda kwenye vyoo vya wakimbizi. Kipindupindu hicho. Rudi mwezi ujao."

Mwezi ujao! Mimi nilikuwa na siku nne tu. Mama mkwe wangu, Bi Zuhra, alikuwa matangani Mwandiga na angerudi Jumapili. Kama uso wa nyumba ile haukubadilika kabla hajarudi, basi usingebadilika mpaka nazikwa.

Nyumba yetu ilikuwa mbaya. Nasema wazi, wala sioni haya. Ukuta wa udongo mtupu, mvua imeuchubua mpaka fito zinachungulia. Kando ya mlango palikuwa na ufa ulioanzia juu, ukashuka, ukagawanyika vidole vitatu kama mguu wa kuku. Mwaka ule wa tisini na sita boti zilikuwa zikishusha watu kutwa, na mashirika yalijaa mjini yakitafuta vyumba. Mtaa mzima ukajipamba. Huyu kapaka buluu, yule kaweka madirisha ya vioo. Mimi alinijia nesi mmoja kutazama chumba cha mbele, akasimama barabarani, akauliza kwa upole, "Samahani, kumbe mna msiba?"

Msiba! Hatukuwa na msiba. Hilo ndilo lililokuwa likinikaba.

Mume wangu, Abdulatif, aliingia ziwani kuvua dagaa miaka mitatu nyuma. Karabai zilionekana mpaka usiku wa manane, kisha zikawa hazionekani. Wenzake wawili waliopolewa. Yeye hapana. Sheikh akasema nisubiri miaka minne. Bi Zuhra yeye hakuhesabu miaka. Alikataa matanga, akakataa hitima, akanikataza kukaa eda. Nikawa si mke, si mjane. Na kila nikishika ndoo ya udongo nizibe ule ufa, ananishika mkono.

"Uache, mwanangu. Ndio anaoujua."

"Mama, nyumba itatuangukia."

"Akirudi akakuta keshabadilishiwa nyumba, ataijuaje?"

Miaka mitatu ya wimbo huo huo. Yalikuwa yamenifika hapa, shingoni.

Kwa hiyo jioni ile nilikuwa narudi mikono mitupu, hasira zimenijaa, giza linaanza kushuka, nikamkuta mwanamke ameketi mkabala na nyumba yangu. Amejifunga kitenge kilichopauka. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwikoni, imekauka kama ya mtu aliyekuwa akikanda unga. Alikuwa anaitazama nyumba.

"Inzu yako inalia, mama," akasema. Lafudhi ya Burundi.

"Najua. Chokaa ndiyo hakuna."

Akafungua furushi la jani la mgomba. Ndani palikuwa na bonge la udongo mweupe, mweupe kuliko chokaa yoyote niliyoiona, unanuka mvua. "Hii ni ingwa. Kwetu tunapakia nyumba. Kesho asubuhi nakuja."

"Unataka malipo gani?"

Akatikisa kichwa. "Mimi najua kuchora moja tu. Ya kwetu. Uniache nichore hiyo." Akageukia upande wa ziwani. "Na watoto wangu wakifika, uwaambie ni hapa."

Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini zaidi nilifurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nikasema ndiyo, ndiyo, nitawaambia. Ningeahidi lolote jioni ile. Akaniambia anaitwa Regina.

Alfajiri alikuwa mlangoni. Ule ufa niliuziba mwenyewe. Nilitaka raha hiyo iwe yangu. Nikashindilia udongo kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikalainisha kwa kiganja mpaka hapakuwa na alama. Nikasema kwa sauti, "Haya, kwaheri."

Regina akapaka. Hakupumzika, hakula. Juu alipaka weupe mtupu. Chini akachanganya masizi na samadi, akachora meno meusi yanayopanda na kushuka kuzunguka mlango, na juu ya kizingiti akaweka alama tatu ndogo za vidole, moja baada ya nyingine, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Kufikia alasiri watu walikuwa wanasimama kutazama. Jirani yangu wa ng'ambo, Mama Meshack, alitoka na mwiko mkononi akasema, "Weee, Mwanvua! Nimetoka nje nikadhani nimepotea mtaa!"

Nilicheka. Namwambia Mungu, nilicheka.

Nilipogeuka kumpa Regina maji, alikuwa ameondoka.

Magharibi ikaingia. Umeme ulikuwa umekatika, nikawasha koroboi, nikaketi chumba cha ndani nikisonga ugali. Moshi unaniumiza macho. Nje watu walipungua, wengine msikitini, wengine wamefunga milango. Udongo mbichi ulinuka nyumba nzima. Kisha nikasikia harufu nyingine juu yake... harufu ya maji yaliyokaa, ya nyavu zisizoanikwa.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamume. Nzito, ya mtu mwenye makohozi.

Sikuinuka. Wiki nzima walikuwa wanapiga hodi, huyu anaulizia ndugu, yule anaulizia maji. Mtu anachoka.

"Nani?"

Nikasikia matone. Tap... tap... mahali pakavu.

"Samahani. Nimepotea. Nyumba yetu ilikuwa hapa."

"Umepotea, kaka. Siyo hapa."

"Ilikuwa hapa," akasema polepole, kama anayejisemea. "Ya udongo. Ina ufa kando ya mlango... kama mguu wa kuku."

Ugali ulikuwa unaungua. Nikapandisha sauti. "Ujiji nzima ina nyufa! Siyo hapa, endelea mbele!"

Hakunibishia. Nilisikia anavuta pumzi, ndefu, yenye maji ndani. Kisha akagonga mwimo wa mlango kwa pete.

Mara tatu.

Mwiko ukaniponyoka. Abdulatif aligonga hivyo kila jioni akienda ziwani. Hakuwahi kuniaga kwa maneno, ni pete tu, mara tatu, naye huyo. Na ule ufa... nani mwingine angeujua? Nilikuwa nimeuziba asubuhi. Aliyesimama nje asingeweza kuuona.

Nilitoka mbio bila kanga kichwani.

Barabara ilikuwa tupu. Kwenye vumbi palikuwa na nyayo za maji, mguu mpana usio na kiatu. Zilitoka kwangu zikaenda kwa jirani, zikasimama kizingitini, zikageuka. Zikaenda nyumba ya tatu. Ya nne. Alikuwa amesimama kila mlango, mlango baada ya mlango, kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Abdulatif!"

Mbwa hawakubweka. Hata upepo haukuwapo.

"Abdulatif, rudi! Ni hapa!"

Kwenye kona nyayo ziliteremka upande wa ziwani. Nilizifuata mpaka changarawe ikaanza, na changarawe haishiki alama. Mbele yangu maji yalikuwa meusi, yametulia. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nilikasirika, nisidanganye. Nilimkasirikia yeye kwa kukubali upesi, miaka mitatu halafu neno moja tu limrudishe. Nilimkasirikia mama yake kwa kuwa alisema kweli. Kisha nikageuka kurudi nyumbani.

Sikuiona nyumba.

Mnanielewa? Nimeishi mtaa ule miaka kumi na moja. Nilipita nikafika mwisho. Nikarudi. Nikapita tena. Kulikuwa na nyumba ya Mama Meshack, na mkabala nayo palikuwa na nyumba nyeupe yenye meno meusi, nyumba ya watu wengine, ya nchi nyingine, taa inawaka ndani. Miguu yangu ilikataa kuielekea, kama inavyokataa kuingia kwa mtu usiyemjua. Ilinibidi nihesabu milango kwa kidole ndipo nikakubali kwamba ile ndiyo yangu.

Mlango niliouacha wazi ulikuwa umefungwa.

Ndani kulikuwa na vijiko. Kulikuwa na mtoto anacheka, na mwingine anamnyamazisha.

Nikapiga hodi kwangu mwenyewe.

"Nani?"

Nywele zilinisimama. Nikagonga tena, taratibu, nikasema, "Mimi... Nyumba yangu ni hapa."

"Umepotea, dada," ikajibu. "Siyo hapa. Endelea mbele."

Ilikuwa sauti yangu.

Uchovu wangu uleule, ukali uleule. Na nyuma yake mtoto akauliza kwa Kirundi, "Mama, ni nde?" Mama, ni nani?

Sijui nilikaa pale muda gani. Mama Meshack ndiye aliyenikuta, katoka na kandili, akiuliza mbona nimelala mlangoni pangu. Akausukuma mlango kwa kidole. Ukafunguka. Hakuna mtu. Koroboi limezimika, moshi wake bado unapanda. Sufuria ya ugali ilikuwa tupu, imekombwa, na kwenye ukoko palikuwa na alama za vidole vidogo, za mikono mitatu tofauti.

"Umekula peke yako yote hii?" akaninong'oneza.

Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Asubuhi nilichukua maji na ufagio wa chelewa nikausugua ukuta mpaka vidole vikatoka damu. Weupe ukatoka, ukatiririka barabarani kama maziwa. Kesho yake alfajiri ulikuwa umerudi, na meno yake, na alama zake tatu juu ya kizingiti. Nikaukandika udongo mwekundu. Ukapasuka kabla ya jioni, weupe ukachungulia. Nikajaribu kuurudisha ule ufa. Nilichukua kisu nikachimba kando ya mlango, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilikuwa naujua ufa ule kuliko uso wangu. Kila nilipochimba udongo ulijifunga nyuma ya kisu, laini, kama ugali.

Nikaenda walikokuwa wanaandikishwa wakimbizi kumtafuta Regina. Karani akapitisha kidole kwenye karatasi zake. "Regina wapo kumi na saba, mama. Na malori ya kambini yaliondoka Jumatatu." Nikamwambia huyu alikuwa kwangu Jumatano. Akanitazama kwa huruma kama alivyonitazama yule nesi. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaniuliza kama Regina wangu alikuwa na mikono myeupe. Nikasema ndiyo. Akasema anamjua, alipanda lori la Jumatatu, alilazimishwa, analia kwamba hawezi kuondoka ufukweni kwa sababu watoto wake watatu walipanda mtumbwi mwingine.

"Mtumbwi huo ulifika?"

Yule mwanamke alitazama chini. Foleni ikasogea, naye akasogea nayo.

Jumapili Bi Zuhra alirudi. Nilikuwa nimeketi barazani. Nilimwona anakuja na kifurushi chake kichwani, nikasimama kumpokea, naye akapita. Alinipita mimi na nyumba, akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akasimama, akarudi akiangalia kila mlango. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama. Shikamoo. Ni hapa."

Hakuitikia. Alitua kifurushi, akaja kando ya mlango, akapapasa pale palipokuwa na ufa. Akapapasa juu mpaka chini. Nilingojea anipige, nilitamani anipige.

"Alipita?" akauliza.

"Hapana, Mama."

Nilisema hapana. Mpaka leo ni hapana.

Yule nesi alirudi, kausifu ukuta, akakitaka chumba. Nilimwambia kimejaa. Hakunielewa, lakini sikuwa namwongopea.

Kwa sababu sasa kila magharibi mimi na Bi Zuhra tunatoa mkeka barazani, tunakaa, yeye anatazama upande wa ziwani na mimi natazama vumbi. Na kila jioni hodi huja. Mara sauti ya mzee, mara ya msichana, mara haina lugha ninayoijua, matone tu yanadondoka pakavu. Wanauliza kama nyumba yao ni hii. Sithubutu tena kumwambia mtu amepotea. Nitajuaje ni nani? Nasogeza miguu yangu wapite, nasema, "Ni hapa. Karibu." Baridi inanipita magotini, mlango nyuma yangu unalia kidogo, na ndani wanasogezana kumpa nafasi.

Wameingia wengi. Usiku tunalala nje, mimi na mama yake Abdulatif, maana ndani hapana pa kuweka mguu.

Kila ninapomkaribisha mmoja, Bi Zuhra hunishika mkono gizani na kuniuliza kama ndiye.

Nategea sikio mwimo wa mlango. Sisikii pete.

"Bado, Mama," namwambia. "Bado."