Damu Haitikiswi Kama Maziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Clarisse alikaa mlangoni kwao Rwambuzi, kibuyu cha maziwa mapajani, akikitikisa mpaka siagi ijitenge. Mikono yake ilijua kazi hiyo hata macho yakiwa bado na usingizi.

Vita vilikuwa vimemnyang'anya baba yake, Josaphat, ng'ombe wote. Amani iliporudi, ingawa watu bado walilala sikio moja wazi, alianza upya na ng'ombe watatu. Sasa wawili waliokuwa wakikamuliwa walishikwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Walichechemea, mate yakiwachuruzika, na kibuyu kikabaki kikavu. Mzima alikuwa Bihogo peke yake, naye ana mimba. Tumaini la nyumba lilikuwa kwake.

Daktari wa mifugo, Mama Immaculée, alikuja akatoa damu ya wagonjwa, akaisimamisha kivulini katika vichupa.

"Virusi vya huu ugonjwa viko aina mingi," alimwambia Josaphat. "Chanjo ya aina moja haizuie ingine. Labo itatuambia ni aina gani, kiisha tutachanja Bihogo na ng'ombe za majirani. Muache hii damu itulie."

Alipokwenda kwa jirani, Clarisse alichungulia. Damu ilikuwa imeganda chini, na juu yake yamejitenga maji ya manjano. Maskini, akadhani inaharibika. Akafanya kile ambacho mikono yake ilikijua: alitikisa kwa nguvu mpaka yote yakawa mekundu.

Daktari aliporudi alikunja uso. "Labda ni joto. Basi, tutaipima vile iko."

Clarisse akinyamaza, nani angejua? Lakini pale karibu na ukuta Bihogo alikuwa akicheua, hana habari.

"Docteur, miye njo nilitikisa," alisema kwa sauti ndogo. "Niliwaza iko kama maziwa."

Baba alifungua kinywa kukemea, lakini daktari alimtangulia. "Tunapima yale maji ya juu, na kutikisa kunayaharibu. Ungenyamaza, labo ingeweza kutudanganya, na Bihogo angepata chanjo yenye haimusaidie," alisema, akatoa damu nyingine.

Siku ya kupima aliwaalika baba na binti kwenye labo, yaani maabara. Yale maji ya manjano, yaitwayo seramu, aliyadondosha katika sahani yenye vishimo vidogo, kila kishimo na aina yake ya virusi.

"Mwili wa ng'ombe unakumbuka adui ile ulipigana naye," alieleza. "Tungoje, tuone atamutambua nani."

Walingoja. Kisha kishimo kimoja, kimoja tu, kikaanza kugeuka buluu. Ng'ombe asiyejua kusema alikuwa ameulizwa swali, naye amejibu.

"Baba," alinong'ona, "damu iko na akili."

Josaphat alikuwa amevua kofia yake, kama mtu aliyeingia kanisani.

Bihogo alichanjwa chanjo iliyofaa. Hakuugua, na baada ya kuzaa salama maziwa yake yakajaza kibuyu. Asubuhi moja baba alimkuta Clarisse mlangoni akikitikisa.

"Hiyo, tikisa tu, mama," alimtania. Kisha akachuchumaa kando yake. "Damu haijue kusema uongo, mutoto wangu. Siye watu njo tunajua. Kama weye ungeficha, leo hakungekuwa kitu ya kutikisa."