Lori na Roli

"Tangazo rasmi! Kuanzia asubuhi hii, katika nyumba hii, hakuna kitu kitakachotupwa, kuchomwa wala kufagiliwa nje bila kibali cha Wizara ya Taka. Atakayekiuka agizo hili atachukuliwa hatua kali. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Waliosikiliza walikuwa wawili. Mama, aliyekuwa ameinamia cherehani yake karibu na dirisha, alikata uzi kwa meno, akasema bila kugeuka, "Tumekusikia, Mheshimiwa. Na sufuria ya chai imeungua tangu jana. Kibali cha kuisugua unacho, au nikuandikie mimi?"

Waziri alishuka kwenye kigoda alichokuwa amekipanda, akaenda kusugua sufuria.

Hilo halikuwa jina lake la shuleni, lakini hata mwalimu wake wa darasa la sita alikuwa amelisahau la shuleni. Alikuwa msichana asiyeweza kuomba chumvi mezani bila kuhutubia. Msikilizaji wa pili, mdogo wake wa miaka sita, aliitwa Ladio, naye jina lake lilikuwa na sababu mbili. Kwanza, herufi ya "r" ilikuwa haijafika kinywani mwake. Hata jina la dada yake alilitamka "Wazili". Pili, hakuna habari iliyoingia katika masikio yake ikakosa kutangazwa. Ukimnong'oneza jambo jikoni, utalikuta limeshakutangulia barabarani.

Chanzo cha Wizara ya Taka kilikuwa mwalimu wa sanaa. Alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na maonyesho ya vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa taka, na wazazi wote wamealikwa. Sharti lilikuwa moja tu.

"Kila mnachotumia kiwe kimemaliza kazi yake," alisema. "Kopo lililoisha maziwa, soli ya kiatu kilichokufa, kalamu iliyokauka. Sitaki mtu aende dukani. Mnanielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!" darasa lilijibu kwa sauti moja, kama kawaida ya watu ambao hawajaelewa.

Waziri aliamua kutengeneza lori. Si lori la kitoto la kuvutwa kwa kamba, bali lori lenye heshima zake, lenye mlango wa nyuma unaofunguka na usukani unaogeuza magurudumu kwelikweli. Bodi lilikuwa boksi la bati la biskuti, lililofunikwa kwa gazeti kuukuu. Taa zilikuwa vifuniko vya chupa. Mihimili ya magurudumu ilitoka kwenye mwavuli ambao upepo ulikuwa umeugeuza ndani nje. Magurudumu yenyewe yalikuwa maroli matupu ya uzi kutoka kwenye kikapu cha mama, yale ya plastiki yenye tundu katikati, aliyoyapaka masizi yakawa meusi kama tairi.

Wiki ile nzima nyumbani hapakuzungumzwa jambo jingine. Lori limefika wapi? Lori limekauka gundi? Nani amekanyaga lori? Hata mama, aliyekuwa na haraka ya kumaliza mashati ya bendi ya vijana, alipata muda wa kulisifia.

Tatizo lilikuwa moja. Gurudumu la mwisho lilikosekana, na lori liliinama upande mmoja kama mzee aliyekalia mwiba.

"Mama, uzi huo unaoshonea haujaisha?" Waziri aliuliza Jumatatu.

"Bado."

Jumanne aliuliza tena. Jumatano alisimama kabisa kando ya cherehani, akilitazama roli likizunguka juu ya kijiti chake.

"Mwanangu, uzi hauishi kwa kukodolewa macho," mama alisema. "Hata nikishona kwa miguu minne, hili ni la kesho kutwa. Kachezeni nje."

Jioni ile mama alipokwenda kuchota maji bombani, Wizara ilikaa kikao cha dharura. Mjumbe alikuwa mmoja. Kikapuni kulikuwa na roli jingine la uzi wa zambarau, jipya kabisa. Mjumbe alitoa hoja, akajiunga mkono mwenyewe, hoja ikapita. Waziri akauvuta uzi wote kutoka kwenye roli, mkono baada ya mkono, ukajaa sakafuni kama nywele za jitu. Akausokomeza ndani ya mfuko na mfuko akauingiza uvunguni mwa kitanda. Uzi haukutupwa, alijieleza moyoni. Umehamishwa makazi tu.

Alipogeuka, Ladio alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Nenda kacheze," Waziri alimwambia.

Usiku lori lilisimama wima, magurudumu yote yakiwa meusi tii. Lilipendeza. Waziri alilitazama muda mrefu, akashangaa kwa nini hasikii furaha aliyokuwa ameiwekea nafasi.

Alhamisi aliporudi kutoka shule alikuta kikapu kimepinduliwa, vifungo na zipu vimetapakaa mezani. Mama alikuwa amepiga magoti.

"Uzi wangu wa zambarau uko wapi? Nimebakiza mikono na kola, na huu ulio kwenye cherehani hautatosha. Mwenye duka ameniambia rangi ile imekwisha, mpaka mwezi ujao. Bendi inapiga Jumamosi, jamani! Nikiwaangusha hawa, nani ataniletea kazi tena?"

"Dada amechukua loli," alisema Ladio papo hapo, kwa sauti ya taarifa ya habari.

"Najua ana lori. Mimi nauliza uzi."

"Siyo loli, mama! Loli!"

"Ndiyo, lori. Wiki nzima ni lori, lori."

Ladio alikanyaga sakafu kwa hasira. "Loli iko chini ya loli!"

"Lori chini ya lori?" mama alisema. "Hiyo sasa ni ajali, waite polisi. Hebu niambie ukweli. Umeuchukua tena ukarushie tiara?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwezi uliopita Ladio alikuwa kweli amechukua uzi wa kushonea, akarusha tiara yake ya mfuko wa nailoni mpaka ikapotelea juu ya paa za jirani. Kwa hiyo alikuwa na kumbukumbu mbaya mahakamani. Alilia, akaapa, akarudia neno lile lile, na kila alipolirudia mama alizidi kuona anachezewa.

"Basi," mama alisema. "Tiara mpya inakaa juu ya kabati. Na usikae tena chini ya meza yangu ya kushonea. Sikuamini."

Chini ya meza ile palikuwa nyumba ya Ladio. Hapo alivitungia vipande vya kitambaa majina na familia, akalala mchana akisikiliza cherehani ikikimbia. Aliokota vipande vyake, kimoja kimoja, akatoka navyo.

Katika chumba kile, mtu mmoja tu alikuwa amemwelewa. Mtu huyo, anayejua kuhutubia tangu alfajiri mpaka jioni, alikuwa akikagua kucha zake.

Waziri alipokuwa akiosha vyombo uani, Ladio alikuja akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakumtukana wala hakumtishia. Alimtazama tu, macho mekundu.

"Dada, wewe unaweza kulisema vizuli," alisema. "Mimi ulimi wangu haufiki. Nisemee."

Sahani ilimteleza Waziri mkononi, ikazama majini.

Angeweza kusema pale pale. Alifuta mikono, akaingia ndani na kifua mbele kabisa, lakini alipouona uso wa mama, ushujaa ukapungua njiani. Alichofanya ni nusu. Alitoa mfuko uvunguni, akasema, "Mama, nimeuona uzi."

"Umeuona wapi?"

"Chini ya kitanda."

Maneno hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana yalikuwa mabaya sana. Ladio alilala kwenye kitanda hicho hicho. Mama alimtupia Ladio, aliyekuwa amemfuata dada yake ndani, jicho moja, akatikisa kichwa. Kisha akafungua mfuko, na furaha yake ikafa. Uzi ulikuwa umetatizika kama kiota cha ndege asiyejua ujenzi. Cherehani haiwezi kula kitu kama kile.

Waziri aliuangalia uzi. Aliliangalia lori. Akalichukua, akalilaza chali, magurudumu juu. Alichomoa mhimili mmoja, akaukunja ncha ukawa mpini, akaurudisha. Alifuta masizi kwenye roli mpaka plastiki ikang'aa, akafunga ncha ya uzi, akazungusha mpini. Roli lilizunguka. Uzi ulianza kurudi nyumbani, taratibu, ukijipanga.

"Ladio, leta mikono," alisema.

Ladio alinyoosha mikono yote miwili, uzi ukavishwa juu yake kama bangili. Mama alifumbua mafundo kwa sindano, Ladio aliachia kidogo kidogo, Waziri akazungusha. Walifanya hivyo mpaka jua likawa limezama na shingo zikauma. Uzi ulikatika mara kadhaa, wakaunga. Mwishoni roli lilikuwa limenona kama jipya. Mama alilibusu lori bodini, akarudi kwenye cherehani.

"Mwanangu ana akili ya ajabu!" alikuwa akiimba huku akikanyaga. "Kesho nitamwambia mwalimu wenu mwenyewe!"

Na alimwambia. Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa wazazi na ndege za makopo, wanasesere wa magunzi, gitaa la ubao lenye nyuzi za mpira wa ndani ya tairi. Lori la Waziri lilisimama mezani likichechemea, maana roli la mwisho lilikuwa kazini kwenye cherehani. Juu yake kulikuwa na mpini wa kukunjia uzi. Mwalimu aliposimuliwa na mama, alipiga makofi.

"Hebu tuelezee, Waziri. Wazo la mashine hii lilikujiaje?"

Waziri akapanda kiti. Kama kuna jambo alilokuwa amezaliwa kulifanya, ni hilo.

"Ndugu wazazi, walimu na wageni waalikwa! Ilikuwa siku ya Alhamisi ambapo uzi wa mama ulitatizika..."

"Nani aliutatiza?" sauti nyembamba ikatoka mstari wa mbele. Ladio alikuwa amesimama juu ya benchi. "Dada, sema loli!"

Watu wakacheka. "Lori lile pale, mdogo wetu!" mtu mmoja akamwonyesha. Ladio hakulitazama. Alikuwa anamtazama dada yake, akingoja, kama mtu aliyemtuma mwenzake dukani na anaamini atarudi.

Kicheko kikaisha. Waziri aliiacha hotuba yake katikati. Akashuka kwenye kiti.

"Hasemi lori," alisema, safari hii kwa sauti ya kawaida. "Anasema roli. Roli la uzi. Nililichukua mimi, jipya, nikauvua uzi wote kwa sababu nilitaka gurudumu. Yeye aliniona, akasema ukweli tangu mwanzo. Nyinyi hamkumwelewa. Mimi nilimwelewa, nikanyamaza. Na alipoadhibiwa pia nilinyamaza."

Mama alisimama polepole. Waziri alifunga macho, lakini mama alimpita. Alikwenda mpaka mbele, akachuchumaa kwa Ladio.

"Ulisema roli, baba?"

"Nilisema loli."

"Ulisema. Mama ndiye hakusikia. Nisamehe. Tiara yako itashuka leo, na chini ya meza ni kwako."

Kisha akamgeukia Waziri. "Uzi uliurudisha jana, na kwa ufundi wa kweli, hilo sitakunyang'anya. Lakini jina la mdogo wako ulikuwa hujalirudisha mpaka sasa hivi. Siku nyingine anza na hilo."

"Ndiyo, mama."

Mwalimu wa sanaa alikuwa amekunja mikono, akiwaza. "Kumbe nilieleza vibaya," alisema. "Sikilizeni nyote. Ubunifu ni kuona kazi ya pili ndani ya kitu kilichomaliza kazi ya kwanza. Ukikinyang'anya kazi yake ya kwanza ili kiitwe taka, hujaokoa chochote. Umeongeza taka moja duniani, ukaipaka rangi. Kitu kinachotakiwa bado si taka. Na kama ni lazima usubiri roli liishe, subiri, au fikiria gurudumu jingine. Hapo ndipo akili hukua." Akakohoa kidogo. "Kuna mwingine mwenye la kusema?"

Nyuma, mkono ukainuka kwa shida. Ulikuwa wa mvulana aitwaye Profesa, mwenye roboti la chupa za sabuni ya maji.

"Zilikuwa zimejaa," alisema. "Nilimwaga bafuni."

"Ndiyo maana bafu limetoa povu siku tatu!" mama yake alipiga kelele. "Nami nimemwita fundi bomba!"

Mkono mwingine ukainuka, kisha mwingine. Mwishowe mwalimu mwenyewe aliinua wa kwake, akakiri kwamba bango la mlangoni lililoandikwa TUSITUPE OVYO lilikuwa la tatu. Mawili ya kwanza alikosea herufi, akayatupa. Ukumbi ukaangua kicheko, naye akaahidi kuyaokota yawe vifuniko vya madaftari.

Waziri alicheka na wenzake, mzigo umeshuka mabegani. Alikuwa anafikiria tangazo zuri la kufungia mkutano, mama alipoliinua lori, akaligeuza, akaligonga bodi kwa kidole. Bati likalia.

"Mheshimiwa," alisema kwa upole wa kutisha, "hili ni boksi la biskuti za wageni."

"Ndiyo, mama."

"Mimi sikumbuki tumepata wageni."

Waziri alimtazama Ladio. Ladio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa amezimika kabisa.

"Tulikula wote wawili, mama," Waziri alisema. "Ila mimi ndiye niliyefungua."