Kimya Kilichokatwa

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akaosha vyombo, kisha akakimbilia chumba cha nyuma ambamo shangazi yake alirekodi muziki. Kuta zilitundikwa mablanketi mazito, na dirisha lilizibwa kwa godoro kuukuu ili kelele za barabarani zisiingie. Jina la Chiriku alipewa na shangazi huyohuyo, maana mtoto alikuwa na maneno mengi kuliko redio.

Wiki ile alikuwa na kazi yake mwenyewe. Wenzake darasani walikuwa wacheze siku ya kuwaaga wanafunzi wa darasa la mwisho, na ngoma pekee ya shule ilikuwa imepasuka ngozi. Bahati nzuri, kabla haijapasuka, Chiriku alikuwa amemrekodi mpigaji akipiga mzunguko mmoja safi. Shangazi alimwonyesha jinsi ya kukiweka kipande hicho kwenye kompyuta na kukifanya kijirudie mpaka mchezo uishe. Chiriku alistaajabu. Mtu anapiga mara moja tu, mashine inaendelea bila kutoka jasho!

Lakini kwanza alitaka kukisafisha. Kwenye skrini aliona sauti zimechorwa kama vilima, na baada ya kilima cha mwisho, mstari mtupu. Mstari mtupu wa nini? Akaukata.

Kwenye mazoezi mambo yakaharibika. Wachezaji walianza vizuri, lakini kila mzunguko ulipoisha miguu iligongana, na mmoja wao akaanguka kitako. Chiriku akawaka. Aliwaambia hawana masikio, wanacheza kama watu wanaokimbia mvua. Kiongozi wao, msichana mpole asiyependa ugomvi, alichukua begi lake akasema kama ni matusi, yeye basi. Wenzake wakamfuata. Sherehe ilikuwa keshokutwa.

Nyumbani, Chiriku alimweleza shangazi yote, akitarajia kuungwa mkono. Shangazi hakubishana naye. Alimwambia tu aifungulie ile ngoma, kisha atembee chumbani kwa kuifuata. Chiriku akatembea. Mzunguko ulipoisha, kabla mguu wake haujatua, ngoma ilikuwa imeshaanza tena. Akajaribu polepole, ikawa vilevile.

"Shangazi, mbona inaniwahi?"

"Wewe ndiye uliyeitengeneza. Ulifanya nini?"

Chiriku aliikodolea macho skrini. Akamkumbuka mpigaji: baada ya pigo la mwisho aliinua mkono, akatulia kidogo, ndipo akaanza upya. Ule utulivu ndio uliokuwa mstari mtupu, naye alikuwa ameukata kwa mkono wake. Machozi yakamlenga. Ngoma imepasuka, angerekodi nini tena?

Shangazi akamwambia programu haikufuta kitu, ilikificha tu. Ukishika ukingo wa kipande na kuuvuta, kilichokatwa hurudi. Chiriku akauvuta taratibu, akitembea na kusikiliza, akivuta tena, mpaka mguu na ngoma vikatua pamoja. Alicheka peke yake kwa furaha. Kisha akakumbuka maneno aliyowatupia wenzake, kicheko kikamkauka.

Kesho yake aliwafuata wachezaji uwanjani, shangazi akiwa nyuma yake amebeba spika na kompyuta. Njia nzima Chiriku alikuwa akijishauri aseme kompyuta ilikuwa na hitilafu. Nani angejua? Alipofika mbele yao akaona haya kudanganya.

"Kosa lilikuwa langu," alisema. "Nilikikata kimya cha mwisho wa mzunguko, halafu nikawatukana ninyi. Nisameheni."

Kiongozi akauliza, hivi kimya kinakatwaje? Chiriku akafungua kompyuta ya shangazi akawaonyesha, nao wakasukumana, kila mmoja akitaka kuvuta ule ukingo. Walipocheza, mzunguko uliisha na mwingine ukaanza, na hakuna aliyejikwaa.

Shangazi akamvuta Chiriku pembeni.

"Wachezaji ni walewale wa jana," alisema. "Kazi ikiharibika, anza kuchunguza pale ulipogusa wewe. Na ukilikuta kosa lako, liseme hata kama hakuna mwingine anayelijua."