Kiti Alichokalia Mama

Jirani zangu, mimi ni dereva wa teksi, na leo nimechoka. Nimeingia barabarani kabla ya jua, mgongo unalalamika, na ningeweza kabisa kwenda zangu kulala. Lakini hili limenikaa kooni muda mrefu na afadhali nilitoe, maana naona baadhi ya vijana wetu wameanza kuelekea kulekule.

Mnalikumbuka lile gari dogo la Fundi Simu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Wakati ule tulikuwa tukiliita Kiberiti. Lilikuwa gari la kawaida la rangi ya majivu, la aina ile wanayonunua walimu na wauguzi, halina makeke, halinywi mafuta. Alilinunua kwa sababu moja tu. Figo za mama yake zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki ilibidi mama apelekwe hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Asubuhi nikifuta vioo vya teksi yangu niliwaona wakitoka. Mkewe Fundi anaweka mto kiti cha nyuma, mama anajikunja taratibu anaingia, ananipungia mkono dirishani, na Kiberiti kinaondoka bila hata kumwamsha paka. Ilikuwa raha kuwatazama.

Kisha Fundi Simu akapata ugonjwa wake mwenyewe. Ulianza na video za magari kwenye simu, ukaendelea na wenzake wanaokutana Jumapili kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala, kila mmoja na kigari chake alichokifundisha kunguruma. Kwanza alibadilisha bomba la moshi, na siku alipoliwasha gari, mke wangu aliangusha kikombe. Halafu injini ikaongezwa nguvu. Halafu akatoa springi za kiwandani, akaweka fupi na ngumu, gari likakaa chini karibu lilambe lami. "Sasa halipepesuki kwenye kona," aliniambia, macho yanamng'aa. Akaja na rimu kubwa na matairi membamba. Mwisho aling'oa kiti cha nyuma na mazulia yote kupunguza uzito, na mbele akafunga viti vya mashindano, vile vyenye kingo zilizoinuka kumbana mtu mbavu. Kiberiti kikaishia hapo, tukaanza kuliita Mzinga.

Sizungumzii pesa. Pesa ni zake, na jasho ni lake. Wala sisemi alikuwa mtoto mbaya, na hapa ndipo ninapochoka zaidi, kwa sababu mtoto mbaya ningemsimulia kwa urahisi. Huyu alimpenda mama yake. Hakuwahi kumwachia mtu mwingine kazi ya kumpeleka. Alimfunga mkanda kwa mikono yake, na kila walipofika alimuuliza, "Vipi mama, umelionaje gari?"

"Zuri, mwanangu. Linakimbia."

"Umeona? Tumewahi kabla ya foleni."

"Nimeona, baba."

Mama wa namna hii mnawajua. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Lakini fikirini alichokuwa akikiona. Mtu akitoka kwenye ile mashine hana nguvu, kichwa chepesi, tumbo linamchafuka. Mweke basi kwenye kiti kilichoshuka mpaka magoti yanapanda kifuani. Kila shimo la barabara limpande uti wa mgongo, bomba lingurume chini yake, na ule mkono wa sindano, unaochomwa kila akienda kwenye mashine na ambao haufai kabisa kubanwa, ugandamizwe na ukingo wa kiti. Matuta ya barabara yetu mnayajua wenyewe.

Basi mama akaanza kuwa na siku ambazo hajisikii kwenda. Mwanzo ilikuwa siku mojamoja. Baadaye wiki ikapita ameenda mara moja tu. Fundi Simu alibembeleza, akanuna, mwishowe akajiaminisha kwamba mama amechoka sindano. Mkewe hakukubali. Alinisimamisha uani, ndoo ya maji mkononi.

"Shemeji, mama haogopi sindano. Anaogopa njia."

"Amekwambia?"

"Hawezi kusema. Lakini gari likiwashwa tu, naona anaushika mkono wake."

Jioni hiyo nilimkuta mama amekaa kizingitini, miguu imevimba hata viatu haviingii. Nikamwambia, "Mama, kesho nikupeleke mimi. Sitaki nauli."

"Watu watasema nini, baba? Mwanangu ana gari mlangoni, mimi napanda teksi?"

"Watasema una safari."

Akacheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia akasema, "Mwache mwenzio afurahi. Tangu afiwe na baba yake sijamwona na furaha namna hii."

Nilikwenda kwa Fundi Simu kibandani kwake. Alikuwa amefungua simu ya mteja, bisibisi ndogo mkononi. Sikumzungusha, nilimwambia gari lile linamuumiza mama yake. Akanitazama, kisha akatabasamu.

"Kaka, siku hizi mnatafuta abiria mpaka nyumbani kwangu?"

"Nimemwambia nitampeleka bure."

"Mama ninamuuliza mwenyewe, kila siku. Anasema gari zuri. Sasa nimwamini nani, yeye au wewe?"

"Muulize tena."

"Huo ni wivu wa teksi tu," akasema, na akarudisha macho kwenye simu ya watu. Nikarudi kwenye teksi yangu.

Haikuchukua muda. Jumapili moja mchana mkewe aligonga ukuta kwa ngumi, nikakimbia. Mama alikuwa ameketi kitandani, ameshika godoro kwa mikono miwili, anavuta pumzi haziji. Maji ambayo mashine ingeyatoa yalikuwa yamejaa mapafuni. Tulimpigia Fundi Simu, tukapiga tena, hakupokea. Fundi simu mzima, na simu yake haisikiki, kwa sababu uwanjani kwao kila mtu alikuwa akishindana kunguruma. Tulimweka mama kiti cha nyuma cha teksi, ameegemea kifua cha mkwewe, nikaendesha kwa haraka yote ambayo mgongo wake uliweza kuvumilia. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo nikiwa na abiria.

Walimwokoa. Siku alipoambiwa anaweza kurudi nyumbani nilikuwa wodini, nimempeleka mkewe Fundi na nguo za kubadilisha. Mzinga tuliusikia kabla haujafika getini. Muuguzi alikuwa akiandaa dawa za kwenda nazo, na Fundi Simu alipoingia akamuuliza, "Wewe ndiye unayemleta? Mbona amekosa mara nyingi hivi?"

"Ni mimi. Yeye mwenyewe alikuwa hataki," akajibu. Kisha akainama kitandani. "Mama, twende nyumbani. Nimeliosha, linang'aa."

Mama aliuweka mkono wa sindano kifuani, akaufunika na ule mwingine.

"Niitie teksi, mwanangu."

"Mama, gari lipo nje."

"Najua lipo. Nimelisikia." Akapumzika kidogo kabla ya kuendelea. "Niitie teksi. Nimechoka kuumia."

Muuguzi alijifanya kuhesabu vidonge. Fundi Simu alisimama pale na funguo mkononi, hajui aziweke wapi. Nilimwonea huruma, na hasira juu yake nilikuwa nayo vilevile.

Kesho yake asubuhi alinijia na funguo za Mzinga. "Kaka, endesha wewe. Nataka kukaa alipokaa mama."

Tukaenda njia ileile ya hospitali, nami nikaendesha kama alivyokuwa akiendesha yeye. Tuta la kwanza alijishika. La pili alijaribu kugeuka, kingo za kiti zikamkatalia. Mtu mzima mwenye afya yake, hana sindano wala uvimbe, akaanza kutoka jasho. Hatujafika nusu ya njia akasema, "Simamisha." Alishuka, akarudi nyumbani kwa miguu, akaniachia Mzinga barabarani.

Alitafuta springi laini. Kiti cha nyuma alikipata kwenye maduka ya vipuri chakavu baada ya kuhangaika sana. Muda wote huo mama alikwenda na teksi yangu na hakukosa hata siku moja. Gari lilipokuwa tayari alilipanda mara chache. Hakulisifu tena. Alisinzia nyuma njia nzima, na mwanawe aliniambia aliendesha huku akilia. Lakini moyo wa mama ulikuwa umeelemewa na yale maji kwa wiki nyingi, na daktari alisema haurudi ulivyokuwa. Alifariki kabla ya mwaka kwisha, asubuhi, akiwa ameshavaa viatu vya kwenda hospitali.

Funzo la kubaki nalo

Kupenda magari si dhambi, jirani zangu. Mimi mwenyewe ninakula kwa gari. Ubaya ni kukichukua kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya mtu mwingine, ukakigeuza kuwa cha kwako, huku unamuuliza kila siku kama anakifurahia. Wazazi wetu wengi watakujibu kile wanachoona unataka kukisikia. Usitosheke na jibu la mdomo. Itazame miguu yake, utazame mkono wake, zitazame siku anazokataa kutoka. Na jirani akikuonya, usianze kwa kutafuta yeye anafaidika nini.

Nawe kijana, kabla hujalegeza hata nati moja, mpe mwenzako funguo akuendeshe, ukae kiti cha abiria mpaka mwisho wa safari. Fundi Simu alishindwa, akashuka njiani. Mama yake hakuwa na pa kushukia.