Rula ya Fundi

Kila siku akitoka shule, Chizuru alivua viatu mlangoni na kusema, "Nimerudi," na kutoka chumba cha mbele sauti ya mama yake ikamjibu, "Karibu nyumbani, usikanyage hariri." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya nyumba ile. Mama yake, Bi Shizue, alikuwa mshonaji wa kimono, na sakafu ya chumba cha mbele haikukosa kitambaa. Alishona kwa mkono, ameketi chini juu ya mkeka karibu na dirisha la barabarani, na sisi wa mtaa ule wa Kyoto hatukumjua mwanamke mwingine mwenye mshono ulionyooka kama wake.

Mambo yaliharibika hamamu ilipofunguliwa ng'ambo ya njia. Hamamu yenyewe ilikuwa nzuri, sikatai, na maji yake yalikuwa ya moto wa kweli. Lakini mwenyewe aliweka benchi nje, na benchi lile lilitazamana na dirisha la Bi Shizue. Kuanzia alasiri wazee walikaa pale na taulo mabegani wakipunga upepo baada ya kuoga, na kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, walimtazama yeye.

"Bi Shizue, bidii yako inatutia aibu," mmoja alimwambia siku moja kwa upole. "Hata chai hunywi."

Kwetu maneno kama hayo husemwa kwa heshima zote, lakini maana yake ni kwamba mtu amekutazama kwa muda mrefu hadi anajua hujanywa chai. Bi Shizue alitabasamu, akainamisha kichwa, kisha akalivuta dirisha la karatasi, fremu ya mbao iliyobandikwa karatasi nyeupe, na kulifunga.

Macho ya watu yakakoma. Upepo nao ukakoma, na mwanga ukapungua. Kwa kitambaa cheupe asingejali, lakini mwezi ule alikuwa na kimono nyeusi ya hariri, vazi la mama wa bibi harusi, linaloshonwa kwa uzi mweusi. Mkono mmoja wa vazi lile alikwisha kuushona na kuufumua mara mbili. Duka la vitambaa lilimpa hadi mwisho wa mwezi. Akishindwa, kazi zote zingepelekwa kwa mshonaji mwingine, na mama na binti hawakuwa na riziki nyingine.

"Tutundike pazia la mianzi," alisema, akijisugua macho. "Pima dirisha, kisha uende kwa Babu Isaburo. Mwambie nataka linifiche, lakini lisinifanye kipofu."

Chizuru alikuwa na miaka kumi na miwili na alishika nafasi ya kwanza darasani katika hisabati, wala hakuwa mtoto wa kuificha habari hiyo. Shuleni walipima kwa sentimita, lakini mafundi wa mtaani walipima kwa shaku, kipimo cha zamani kinachokaribia futi moja, naye alitaka kuzungumza kama mkubwa. Akachukua rula iliyokuwa karibu, ile ya mianzi iliyolala ndani ya sanduku la sindano, akapima mara mbili. Dirisha lilikuwa na shaku tatu kwa upana na nne kwa kimo, bila kuzidi wala kupungua.

Babu Isaburo alikuwa ametengeneza mapazia ya mianzi kwa miaka hamsini. Ulipoingia dukani kwake ulimkuta ameketi kati ya fito nyembamba kuliko njiti za kiberiti, akizipanga kabla ya kuzifunga kwa uzi, ili vifundo vya mwanzi vikae kwa mstari mmoja mzuri toka juu hadi chini. Hakuna aliyemlipa kwa ajili ya mstari ule. Aliufanya kwa sababu aliona vibaya kutoufanya.

"Toka nje, usimame barabarani," alimwambia Chizuru, akashusha mlangoni pazia la matete. "Unaniona?"

"Nakuona, Babu. Unajikuna sikio."

"Basi hili ni la kuzuia jua, siyo la kuzuia majirani." Akalikunja, akashusha la pili, la fito pana zilizobanana. "Na sasa?"

"Sioni kitu."

"Haya, ingia ndani." Chizuru akaingia, akajigonga kwenye rundo la mianzi, kwa maana duka lilikuwa na giza kama stoo. "Umeona? Kwa pazia hili mama yako atashona kwa kupapasa."

La tatu lilikuwa la fito nyembamba zilizoachana kidogo sana. Kutoka nje Chizuru aliona kivuli tu. Kutoka ndani aliona barabara yote, hadi paka aliyelala juu ya paa la jirani, na mwanga ulienea sakafuni bila kuumiza macho.

"Aliye kwenye jua hamwoni aliye kivulini," Babu Isaburo alimweleza. "Lakini taa ikiwaka ndani, mambo yanageuka. Mwambie mama giza likiingia avute na dirisha la karatasi. Ukubwa?"

"Shaku tatu kwa nne."

"Umepima kwa rula gani?"

Chizuru hakupenda kuulizwa. Aliona anatiliwa shaka, yeye, wa kwanza darasani. "Ya fundi," alijibu kwa mkato, akiwa na maana ya mama yake.

Babu Isaburo akaandika. Kwake yeye, na kwa mtu yeyote anayepima madirisha, rula ya fundi ni ya seremala.

Baada ya siku nane alikuja na pazia begani, akalitundika mwenyewe. Lilikuwa pazia zuri ajabu. Lakini lilipoteremka, upande wa kulia likaacha wazi kiasi cha shibiri nzima, na chini likaishia juu sana. Bi Shizue alikuwa akishona chini kwenye mkeka, kwa hiyo pazia lilificha ukuta uliokuwa juu yake na kumwacha yeye wazi, toka nywele hadi magoti.

"Dirisha la Bi Shizue limenenepa," alisema mzee mmoja benchini, na wenzake wakacheka.

Babu Isaburo hakucheka. Alitoa rula yake ya chuma, akalipima pazia. Tatu kwa nne, kamili. Chizuru aliitazama rula ile, na masikio yake yakapata moto, kwa sababu shaku ya rula ile ilikuwa fupi kuliko shaku ya rula ya mama yake. Alielewa palepale. Mdomo ukakataa kufunguka.

"Ni masikio yangu, basi," Babu Isaburo alisema, akimwinamia Bi Shizue hadi kiuno. "Nilisikia vibaya. Nisamehe. Nitarudi kupima upya."

"Babu, kila mtu hukosea," Bi Shizue alisema. Lakini alikuwa akilitazama lile vazi jeusi.

Kesho yake Chizuru alimweleza rafiki yake Kinuyo, binti wa mwenye hamamu, wakiwa njiani kutoka shule.

"Sasa unalia nini?" Kinuyo alisema. "Hukudanganya. Ulisema ya fundi, na mama yako ni fundi. Yeye ndiye hakuuliza fundi gani. Nyamaza tu, atatengeneza jingine."

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, na Chizuru alipenda hesabu sahihi. Hata hivyo haikumtuliza. Siku mbili zilipita bila Babu Isaburo kuja kupima. Bi Shizue alirudi kufunga dirisha la karatasi, na mkono wa vazi ukafumuliwa mara ya tatu. Siku ya tatu Chizuru alipita mbele ya duka, akachungulia.

Mzee alikuwa ameyatandaza sakafuni mapazia yake yote yaliyokuwa tayari, akiyapima tena moja baada ya jingine. Alipima, akasoma namba kwa sauti, akapima tena lilelile. Mikono ile iliyopanga fito kwa nusu karne ilikuwa inasitasita.

"Babu," Chizuru aliita mlangoni. "Hukuja kupima."

"Sikuja, mjukuu wangu. Nimekuwa nikijiuliza kama mtu anayesikia vibaya anaweza kuwa anaona vizuri. Nafikiri nimwambie mama yako atafute fundi kijana."

Chizuru alikimbia hadi nyumbani, akachomoa rula ya mianzi kwenye sanduku la sindano, akarudi akihema. Aliilaza sakafuni kando ya rula ya chuma. Shaku moja ya mama yake ilikuwa ndefu kwa robo nzima.

"Nilipima kwa hii," alisema, na machozi yakamtoka. "Niliposema ya fundi, nilimaanisha mama. Masikio yako hayana kosa."

Babu Isaburo alizisogeza rula zile zikagusana. "Rula ya nyangumi," alisema polepole. Hilo ndilo jina ambalo washonaji huipa, kwa kuwa zamani ilikatwa kutoka kinywani mwa nyangumi. Kisha mabega yake yakashuka, akacheka hadi akafuta macho. "Kumbe kichwa bado kipo."

Alipomaliza kucheka uso wake ukawa mkali. "Siku uliponiambia ya fundi, ulijua kwamba hazilingani?"

"Sikujua. Nilijua siku ulipotundika. Nikanyamaza."

"Lile la kwanza ni kosa la mtoto, na mimi nilipaswa kuuliza zaidi. Hili la pili ni lako peke yako. Kamwambie mama yako, kisha urudi hapa. Fito za pazia jipya hazijachambuliwa, na muda umetubana."

Siku sita mfululizo, baada ya shule, Chizuru alichambua fito, akitenga zilizopinda na zenye ufa. Vidole vilimuuma, na fito alizokataa Babu zilikuwa nyingi kuliko alizokubali. Lile pazia fupi lilichukuliwa na mwenye hamamu kwa dirisha la upande wake.

Pazia jipya lilitundikwa alasiri, benchi likiwa limejaa. Liliteremka, likagusa kingo zote za dirisha, likatulia. Wazee walitazama, hawakuona kitu, wakageukia kuzungumza habari za samaki. Chizuru alisogea hadi pua yake ikakaribia mianzi. Aliona kivuli tu.

"Pua yako ina vumbi la mianzi," kivuli kikasema, "na utepe wa nywele umefunguka. Nakuona vizuri, na uzi mweusi nauona pia."

"Kwa hiyo utamaliza, Mama?"

"Nitamaliza na siku mbili zitabaki." Sindano ilisikika ikipita kwenye hariri, kisha ikasimama. "Chizuru, sikiliza. Ukitaja kipimo, taja na rula yake. Na ukikosea, sema siku ileile. Kosa lako lilitunyima pazia, na pazia tumetengeneza jingine. Lakini kimya chako kilimfanya fundi mkubwa kuliko wote mtaani aogope mikono yake mwenyewe. Mtu anaweza kusema neno la kweli na bado akamwacha mwenzake gizani."

Chizuru aliinamisha kichwa mbele ya dirisha.

"Sasa nenda dukani," mama yake alisema. "Hakutaka kuja kutundika, alimtuma mtoto wa dada yake. Amekaa anasubiri kusikia kama limeenea."

Chizuru alimkuta Babu Isaburo amesimama mlangoni, mikono mitupu, hajagusa kazi tangu mchana.

"Limeenea, Babu," alisema. "Kila upande."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hakuwa na wasiwasi wowote. Kisha akaketi, akavuta rundo la fito, akaanza kupanga.